Marudiano Yasiyo Marudiano: Istilahi za Kombe la Mtoano Zahakikiwa kwa Msimu Mmoja wa England

Utangulizi

Katika kazi ya kukuza istilahi tumezoea kuelekeza macho yetu kwenye fani zinazoheshimika: tiba, sheria, uhandisi, fedha na elimu ya viumbe. Fani ya michezo, na hasa kandanda, aghalabu huachwa ijitafutie maneno yenyewe, kwa dhana kwamba mpira ni burudani tu na mpenzi wa mpira ataelewa kwa vyovyote vile. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro. Istilahi za kandanda husikika kwa mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, redioni, katika televisheni na vijiweni, na kwa sababu hiyo neno bovu katika fani hii huenea upesi, huzoeleka upesi, na likishazoeleka huwa gumu kung'olewa.

Ili tusizungumze hewani, tumechagua mfano mmoja: msimu wa 1974/75 wa kombe la mtoano la England, kombe kongwe lililoanza kushindaniwa katika msimu wa 1871/72. Tumeuchagua msimu huo kwa sababu tatu. Kwanza, ulikuwa na mechi nyingi zilizolazimika kuchezwa upya baada ya timu kushindwa kutambiana. Pili, timu kadhaa ndogo ziliziaibisha timu kubwa, na hivyo msamiati wa ukubwa na udogo ulihitajika sana katika kuusimulia. Sababu ya tatu inamhusu mwandishi mwenyewe, na hapana budi aiungame.

Miaka michache iliyopita nililetewa mezani masimulizi ya Kiswahili ya msimu huo, yaliyokusudiwa kusomwa pamoja na picha za sinema za zamani. Niliombwa niyapitie na kuziidhinisha istilahi zake. Niliyapitia kwa haraka, kwa kuwa mezani palikuwa na faharasa ya sheria iliyonishughulisha zaidi. Kila palipoandikwa 'mechi ya marudiano' nilitia alama ya vyema. Kitambo kikapita. Siku moja nilipokwenda kwa fundi wa baiskeli mtaani kwetu, mzee ambaye redio yake haizimwi, nilimwamkia, naye kabla hajamaliza kuitikia marahaba akaniuliza: "Bwana mdogo, nimeyasikia yale masimulizi yenu. Hawa Fulham na Nottingham Forest walitoka suluhu, wakarudiana, wakatoka moja kwa moja. Aliyekuwa mgeni mara ya pili si ana bao la ugenini? Mbona hakupita? Au waamuzi wa huko nao walikula?"

Waamuzi hawakula kitu. Kosa lilikuwa katika neno, na neno lenyewe nilikuwa nimelipitisha mimi. Uhakiki huu ni malipo ya deni hilo.

Msimu wenyewe kwa ufupi

Ni vyema kwanza msomaji akumbushwe yaliyotokea. Katika kombe hili timu za madaraja mawili ya juu huingia katika raundi ya tatu. Mwaka ule zilikuwa timu 44, zikaungana na washindi 20 wa raundi ya pili kufanya jumla ya timu 64. Kuanzia hapo hesabu hugawanyika kwa mbili: 32, 16, 8, 4, 2, mpaka abaki mmoja.

Fulham, iliyokuwa katika Daraja la Pili, ikiwa na wakongwe Bobby Moore na Alan Mullery, ilicheza mechi 11 kabla ya kufika fainali, ambapo njia ya kawaida kutoka raundi ya tatu ilikuwa na mechi 5 tu. Ilicheza na Hull City mara tatu: 1-1, 2-2, kisha 1-0. Ikacheza na Nottingham Forest mara nne: 0-0, 1-1, 1-1, kisha 2-1. Ikazitoa Everton na Carlisle United kwa mechi moja moja. Katika nusu fainali ikatoka 1-1 na Birmingham City, na ilipocheza nayo tena ikashinda 1-0 kwa bao la John Mitchell. Kwa upande mwingine wa ratiba, Ipswich Town na Leeds United, katika raundi ya sita, walikutana mara nne: 0-0, 1-1, 0-0, kisha Ipswich ikashinda 3-2. Tarehe 3 Mei 1975, katika uwanja wa Wembley, West Ham United iliifunga Fulham 2-0, mabao yote mawili yakifungwa na Alan Taylor, kijana ambaye alikuwa amefunga mawili katika robo fainali dhidi ya Arsenal na mawili tena katika nusu fainali dhidi ya Ipswich.

Chini ya hao walikuwapo wadogo. Wimbledon, iliyokuwa nje kabisa ya madaraja manne ya ligi ya taifa, iliifunga Burnley ya Daraja la Kwanza 1-0 katika uwanja wa Burnley yenyewe, jambo ambalo timu ya namna hiyo haikuwa imelifanya tangu mwaka 1920. Kisha ikaenda kwa Leeds, mabingwa wa ligi wa msimu uliotangulia, ikatoka 0-0, mlinda mlango wake Dickie Guy akiokoa penalti ya Peter Lorimer. Leatherhead, timu nyingine ya nje ya madaraja hayo, iliitoa Brighton, kisha ikaenda Leicester ikatangulia kwa mabao mawili kabla ya kufungwa 3-2.

Sasa tutazame maneno tuliyonayo ya kuyasema hayo yote.

'Marudiano'

Katika matumizi ya sasa neno 'marudiano' hubeba dhana mbili zilizo mbali. Dhana ya kwanza ni ile ya mashindano ya vilabu vya Afrika, ambayo wapenzi wa Simba na Yanga wanaijua vizuri: timu mbili huchezeana nyumbani na ugenini, mabao ya mechi zote mbili hujumlishwa, na mshindi ni yule mwenye jumla kubwa. Mechi ya pili katika utaratibu huo ndiyo huitwa ya marudiano. Dhana ya pili ni ile ya kombe la England la miaka ile: timu zimetoka sare, matokeo yamefutika, na mchezo unaanza upya kutoka sifuri. Hakuna kinachojumlishwa, na bao la ugenini halina uzito wowote.

Msomaji anaweza kudai kwamba muktadha huondoa utata. Hapa ndipo msimu wa 1974/75 unapotufundisha. Kwa kuwa kila mechi iliyotangulia ilikuwa sare, anayejumlisha mabao kwa makosa atampata mshindi yuleyule, maana tofauti yote hutokana na mechi ya mwisho. Jumlisha Fulham na Hull: unapata 4-3. Jumlisha Fulham na Forest: unapata 4-3. Jumlisha Ipswich na Leeds: unapata 4-3. Mara tatu kosa linatoa jibu lenye sura ya ukweli. Msikilizaji anaweza kuishi na uelewa potovu miaka mingi bila kugutuka. Atagutuka siku atakapolifikiria bao la ugenini, kama alivyofanya fundi wetu. Kwa kanuni hiyo, iliyotumika kwa miaka mingi katika mashindano ya Ulaya mpaka ilipoondolewa huko mwaka 2021, pambano la Fulham na Forest lingekwisha katika mechi ya pili, kwani 0-0 ikifuatiwa na 1-1 humpitisha aliyekuwa mgeni mara ya pili. La Hull lingekwisha pia, kwani 1-1 na 2-2 humpa mgeni wa pili mabao mawili ya ugenini dhidi ya moja. Neno moja lilikuwa limezifanya mechi tatu za ziada zionekane kuwa dhuluma.

Tukiligeukia umbo la neno, tunaona kwamba 'marudiano' limetokana na kitenzi 'rudiana', chenye kiambishi cha kutendana, kama 'mapatano' kutoka 'patana' na 'maelewano' kutoka 'elewana'. Dhana iliyomo ni kwamba kila upande humrudia mwenzake. Inasadifu kabisa dhana ya kwanza: ulinijia, nami nimekurudia kwako. Haisadifu dhana ya pili. Ipswich na Leeds walipokutana mara ya tatu na ya nne walikutana Leicester, mji usio wa yeyote kati yao, na hapo hakuna aliyemrudia mwenziwe. Kilichorudiwa ni mchezo.

Kwa hoja hiyo ya umbo, pendekezo langu la kwanza lilikuwa 'mechi ya marudio', kutoka 'rudia', na nililiona kuwa safi: marudiano ni ya watu, marudio ni ya kitu. Nilimpelekea fundi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mechi ya marudio si ile inayoonyeshwa tena usiku, kwa sisi tuliokuwa kazini mchana?" Alikuwa na haki. Watangazaji wameshalichukua 'marudio' kwa kipindi kinachorushwa tena na kwa bao linaloonyeshwa mara ya pili. Ningekuwa nimeuondoa utata mmoja na kuuweka mwingine mahali pake.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila dhana ipewe neno lake kama ifuatavyo. 'Marudiano' libaki kwa mechi ya pili ya nyumbani na ugenini, mahali ambapo limezoeleka na umbo lake linafaa. 'Marudio' libaki kwa matangazo na picha. Dhana ya tatu iitwe 'mechi ya kurudiwa', au kwa kirefu 'mechi ya kurudiwa baada ya sare'. Na ikirudiwa zaidi ya mara moja isemwe 'imerudiwa mara ya pili', 'mara ya tatu'. Si istilahi ya kupigiwa vigelegele, lakini inasema kilichotokea, wala haimlazimishi mtu kujifunza neno geni.

Inaweza kuulizwa kwa nini tujisumbue na dhana inayokufa. Ni kweli kwamba kuanzia msimu wa 1991/92 mechi za kombe hili hazikurudiwa bila kikomo tena, kwani penalti ziliingizwa; na kuanzia msimu wa 2024/25 mechi za kurudiwa zimefutwa kabisa tangu raundi ya kwanza rasmi na kuendelea. Hata hivyo, istilahi ni mali ya wasimulizi wa jana pia. Miaka zaidi ya 150 ya kombe hili haitaeleweka katika Kiswahili bila neno hilo, na vijana ambao hawakuwahi kuiona mechi ya namna hiyo ndio watakaohitaji zaidi neno lisilowapoteza.

'Sare', 'suluhu' na 'droo'

Katika sehemu hii Kiswahili kinastahili sifa. Waandishi wetu wa michezo wamejenga, bila kuagizwa na yeyote, tofauti ambayo lugha nyingine hulazimika kuieleza kwa maneno mengi: 'suluhu' ni matokeo ya bila kufungana, na 'sare' ni matokeo ya kufungana sawa. Katika mfano wetu, Leeds na Wimbledon walitoka suluhu, ilhali Fulham na Hull walitoka sare. Msikilizaji aliyeikosa sehemu ya kwanza ya habari hujua mara moja kama kuna bao lililofungwa. Haki ni kuikubali tofauti hii na kuiingiza katika kamusi za michezo.

Wapo wanaopinga kwamba 'suluhu' ni mapatano ya waliogombana, na kwamba siku ile pale Leeds, Guy alipoupangua mpira wa Lorimer, hapakuwa na aliyepatana na mwenzake. Pingamizi hili lina ukweli wa asili ya neno, lakini halina nguvu. Neno likishapewa kazi maalumu katika fani, na watumiaji wakaishika, asili yake haiwezi kuitwa mahakamani kila siku.

Tatizo lipo kwa 'droo'. Neno hili limekopwa likiwa na maana zake zote mbili: matokeo ya kutofungana kwa ushindi, na utaratibu wa kuchagua nani acheze na nani. Hivyo husikika kwamba 'Leeds na Wimbledon walitoka droo baada ya droo kuwakutanisha', na mtu asiyejua Kiingereza hubaki akijiuliza ni droo ya meza ipi. Kwa maana ya kwanza hatulihitaji hata kidogo. Kwa maana ya pili tunalo neno letu la siku nyingi, 'kura', ambalo katika asili yake ya Kiarabu lilimaanisha hasa jambo hili, kuachia bahati ichague, kabla halijachukuliwa na masanduku ya uchaguzi. 'Kura ya raundi ya tatu' inaeleweka. Ikihofiwa kwamba litachanganywa na uchaguzi wa viongozi, na isemwe 'kura ya kupanga mechi'. Katika kombe hili jambo lenyewe si dogo: vipira vyenye namba huchanganywa na kutolewa kimoja kimoja, bila kuzitenga timu kubwa na ndogo, na ndiyo maana Wimbledon iliweza kuangukia kwa mabingwa.

'Nyongeza' mbili

Bao la Mitchell lililoipeleka Fulham Wembley lilifungwa katika dakika ya mwisho kabisa ya zile dakika 30 zinazoongezwa baada ya muda wa kawaida kwisha kwa sare. Katika masimulizi niliyoyapitisha liliandikwa kuwa la 'dakika za nyongeza'. Lakini 'dakika za nyongeza' ndizo pia zile chache ambazo mwamuzi huongeza mwishoni mwa kipindi ili kufidia muda uliopotea. Msikilizaji anayezoea matangazo ya leo alielewa kwamba mchezo ulikwisha kama dakika tatu baada ya ile ya 90. Hakujua kwamba wazee wale wa Fulham, katika mechi yao ya kumi na moja ya kombe hilo, walikuwa wamekimbia dakika 120. Ugumu wa kazi yao ulipotea katika neno.

Kuna wanaozitenga dhana hizi kwa kuziita zile chache 'dakika za majeruhi'. Ni jaribio jema, ila linasimama juu ya mguu mmoja: muda hupotea pia kwa kubadilisha wachezaji, kwa kushangilia mabao na kwa hila za kuchelewesha, wala si kwa majeruhi peke yao. Tunapendekeza 'dakika za fidia' kwa zile chache, kwa kuwa kufidia ndiyo kazi yake, na 'muda wa nyongeza' kwa zile 30, kwa sharti kwamba neno 'nyongeza' lisitumiwe tena kwa hizo nyingine.

'Raundi', 'mzunguko' na 'bora'

Neno 'mzunguko' hutumiwa wakati mwingine badala ya 'raundi'. Katika ligi linafaa, kwa kuwa kila timu huwazungukia wenzake wote. Tunasema mzunguko wa kwanza na wa pili, na picha inakubali. Katika mtoano hakuna anayezunguka. Kila hatua ni mlango ambao nusu ya waliofika huachwa nje yake. 'Raundi' limeshaswahilishwa na halina picha ya kupotosha, na libaki.

'Robo fainali' na 'nusu fainali' zina kasoro ya kimantiki iliyokwisha kusemwa na wengi, kwamba hakuna robo ya fainali inayochezwa. Hata hivyo maneno hayo yamefanya kazi ya ualimu: mtoto anayejua kwamba robo fainali ni mechi nne na nusu fainali ni mbili ameanza hesabu za sehemu bila kuogopa. Wapo waliopendekeza, kwa kufuata mantiki hiyohiyo, kwamba hatua inayotangulia robo iitwe 'thumuni fainali'. Pendekezo ni sahihi na la kuchekesha kwa pamoja, na tunadhani limeshachelewa, maana wananchi wameshachagua '16 bora'.

Hilo '16 bora' ndilo linalohitaji tahadhari. Neno 'bora' linadai kwamba waliobaki ni wazuri kupita walioondoka. Katika mtoano dai hilo si la kweli. Katika timu 32 za raundi ya nne mwaka 1975 walikuwamo Wimbledon na Leatherhead, na Burnley ya Daraja la Kwanza haikuwamo. Je, zilikuwa '32 bora' za England? Zilikuwa 32 zilizobaki, na uzuri wote wa kombe la mtoano unatokana na tofauti kati ya kubaki na kuwa bora. Tukilifuta jambo hilo kwa neno, tumelifuta kombe lenyewe. 'Hatua ya timu 16' inatosha.

'Mchangani', 'ridhaa' na 'kigogo'

Wimbledon na Leatherhead ziliitwaje katika masimulizi yale? Ziliitwa 'timu zisizo za ligi' na, mahali pengine, 'timu za mchangani'. Majina yote mawili yana walakini.

La kwanza limefuata Kiingereza neno kwa neno, na limezaa uongo. Wimbledon ilikuwa na ligi yake, Ligi ya Kusini. Na Leatherhead ilikuwa katika Ligi ya Isthmia. Walichokosa ni nafasi katika madaraja manne ya ligi ya taifa. Na isemwe hivyo: 'timu ya nje ya madaraja ya taifa'.

La pili ni letu, nalo ni tamu. 'Mchangani' ni uwanja wa vumbi wa mtaani, mahali ambapo wengi wa wachezaji wetu wakubwa walianzia. Lakini tamu si sawa na sahihi. Wimbledon ilikuwa na uwanja wake wa nyasi, ligi yenye ratiba, na wachezaji waliopokea malipo huku wakiwa na kazi nyingine. Kuiita ya mchangani kunaikuza hadithi, na papo hapo kunawashusha watu waliokuwa wamejiandaa.

Je, tuwaite wachezaji wa ridhaa? Istilahi 'ridhaa', kinyume cha 'kulipwa', ni moja ya istilahi bora kabisa tulizo nazo katika michezo: fupi, yenye heshima, na inayotaja sababu ya mtu kucheza badala ya kutaja upungufu wake. Lakini kwa msimu huu haifai. Mwaka 1974 Chama cha Soka cha England kilifuta rasmi tofauti kati ya wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa, na kombe la timu za ridhaa lilichezwa kwa mara ya mwisho mwaka huohuo. Kwa hiyo msimu wa 1974/75 ulikuwa wa kwanza ambao neno hilo halikuwa tena na maana ya kisheria huko. Istilahi nzuri nayo huweza kuwa kosa ikiwekwa katika mwaka usio wake.

Kuhusu 'kigogo', kwamba Wimbledon 'ilimwangusha kigogo', nilianza kwa kuandika pembeni kuwa gogo ni mti uliokwisha kuanguka, na hivyo haliangushwi tena. Niliiona hoja hiyo kuwa ya akili. Niliposoma tena niliifuta. 'Kigogo' lilitoka msituni zamani, likaingia ofisini na viwanjani, na hakuna msemaji wa Kiswahili anayeona shina la mti anapolisikia. Afisa istilahi anayewakosoa watu kwa picha ambayo wao hawaioni hasaidii lugha. Anaonyesha tu kwamba anaijua.

Jina la kombe lenyewe

Limebaki jina. Katika Kiswahili 'Uingereza' humaanisha kwa kawaida dola nzima, pamoja na Uskoti na Wales, na pia humaanisha England peke yake. 'Kombe la Uingereza' kwa hiyo ni jina lenye kupotosha, kwani Uskoti ina kombe lake. Hata 'Kombe la England' halikai sawasawa: mwaka 1927 lilichukuliwa na Cardiff City ya Wales, iliyoifunga Arsenal 1-0. Njia salama ni kutaja mwenye kombe badala ya nchi: 'Kombe la Chama cha Soka cha England', na kwa kifupi 'Kombe la FA'. Chama hicho, kilichoundwa mwaka 1863, hakikutia jina la nchi katika jina lake, kwa kuwa wakati huo hakikuwa na mwenzake wa kutofautishwa naye.

Sisi nasi tumeufuata ufupisho huo, kwani hapa Tanzania kombe letu la mtoano huitwa na wapenzi wengi 'Kombe la FA', ingawa chombo chetu ni shirikisho, na herufi hizo mbili si za jina lake la leo. Mtu akisema redioni kwamba bingwa wa Kombe la FA ameondolewa, ni wa wapi? Kwa kombe letu, 'Kombe la Shirikisho' lina ugumu wake, maana liko pia Kombe la Shirikisho la Afrika. Tunaliacha suala hili wazi kwa wasomaji, ila tunasisitiza kwamba angalau jina la nchi liambatanishwe.

Hitimisho

Katika uhakiki huu tumeona istilahi za aina tatu. Kuna zilizobuniwa na watumiaji wenyewe na zinazostahili kuidhinishwa kama zilivyo: suluhu, sare, ridhaa, kigogo, na 'mtoano' lenyewe, neno linalosema kwa silabi nne kile ambacho mashindano haya hufanya. Kuna zilizobebeshwa dhana mbili na zinazohitaji kupunguziwa mzigo: marudiano, droo, nyongeza. Na kuna zile zinazosema uongo kwa ustaarabu: 16 bora, timu isiyo ya ligi.

Funzo kubwa, hata hivyo, limo katika utaratibu wa kazi. Istilahi haikaguliwi kwa kutazama neno likiwa peke yake juu ya karatasi. Hukaguliwa kwa kulitia katika habari nzima, yenye namba zake na tarehe zake, na kumsomea mtu ambaye haijui habari hiyo, kisha kumwachia aulize. 'Marudiano' lilipita mezani kwangu mara nyingi bila swali. Lilikwama mara ya kwanza lilipofika kwa msikilizaji aliyejua kuhesabu mabao. Na pendekezo langu la kwanza lilikwama kwake vilevile, kabla halijaleta madhara.

Masimulizi yale yameshasahihishwa. Wasomaji, hasa watangazaji na waandishi wa michezo wa pande zote za Afrika Mashariki, wanaombwa watuletee maoni yao juu ya 'mechi ya kurudiwa' na 'dakika za fidia' kabla hazijaingizwa katika orodha. Fundi wa baiskeli ameshatoa yake: la kwanza amelikubali, na la pili amesema atalisikiliza kwanza msimu mzima.